Usiku mmoja Oldoinyo Lengai na swahiba: mlima mfupi uliotutoa jasho kuliko Kilimanjaro

Mkoba Mgongoni:

Wakuu, salaam.

Kila kiangazi ubishi ni ule ule: mlima gani mgumu zaidi kwa mtu anayetaka kupanda na kushuka bila kulala njiani? Watu wanatajiana mita tu. Mimi nasema mita haziumi. Kinachouma ni mwinamo, vumbi, na jua la kurudi. Nimetoka Lengai na swahiba wangu, magoti bado yanalia, acha niwape yote wakati yangali ya moto.

Kwa wasioujua, Oldoinyo Lengai ni volkeno hai, uko kaskazini mwa Tanzania, wilaya ya Ngorongoro, kusini kidogo ya Ziwa Natron. Urefu wake ni mita 2,962. Mtu aliyekwisha kusimama Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, akisikia namba hiyo anaona ni matembezi ya Jumapili. Swahiba wangu aliona hivyo. Ni mtu wa gym, ananyanyua vyuma, na tulipopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu yeye ndiye aliyekuwa akifika kibandani wa kwanza. Nikamwambia, ndugu yangu, kule ulikuwa na wapagazi, supu ya moto na siku kadhaa za kuzoea. Huku ni usiku mmoja na hakuna hata kibanda. Akacheka tu.

Tulitoka Arusha asubuhi, Makuyuni, Mto wa Mbu, halafu tukakata kulia kufuata Selela na Engaruka. Vumbi la njia ile halisimuliki. Mkiwa na nafasi simameni Engaruka, kuna mabaki ya makazi ya kale ya wakulima: matuta ya mawe na mifereji ya kumwagilia, waliyoyaacha kwenye karne ya 18 hivi, na mpaka leo ukiyaangalia unaona kuwa hawa watu walijua kazi yao. Sisi tulipita mbiombio.

Mbele ya Engaruka ndipo mlima unajitokeza wenyewe. Umechongoka kweli kweli. Pande zote zimechanwa na makorongo kuanzia juu hadi chini, na kileleni pana weupe. Swahiba akashusha kioo. "Ile theluji?" Si theluji, wakuu. Habari ya weupe ule namwachia anayejua miamba, najua humu wapo.

Engare Sero, kijiji cha chini ya mlima, tulifika mchana na joto lake lilikuwa la kukaa kimya. Tuliambiwa tulale mapema. Nani alale katika joto lile? Tulijilaza tu tukihesabu boriti za banda. Saa nne usiku tukaitwa, chai na mkate, saa tano tukawa garini, saa sita kamili tukaanza kutembea.

Kwa nini usiku? Kwa sababu ya jua. Kuanzia chini mpaka kileleni hakuna mti wa kukupa kivuli wala tone la maji. Ukianza asubuhi, saa sita ya mchana itakukuta katikati ya mwamba, na hapo hata mwongozaji hana la kukusaidia.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa Kimasai, shuka, fimbo, na katambuga za tairi miguuni. Aliviangalia viatu vyetu vya bei mbaya kwa tochi, hakusema kitu. Akauliza swali moja tu: "Maji mmebeba lita ngapi?" Tukamwambia tatu kila mtu. Akafungua buti la gari akatoa chupa nyingine mbili. "Hii ya nne msiiguse mpaka tuanze kushuka."

Nanywa chai kwanza. Narudi.

Siti ya Dirishani:

Nishaweka mkeka hapa. Shusha vitu mkuu, na picha usisahau.

Bingwa wa Uhuru:

Mkuu, tusidanganyane. Kilimanjaro watu wanapoteza maisha. Hiyo 2,962 hata kambi ya Horombo haijafika. Mimi nimelala Horombo, mita 3,720, nimepiga na soga. Kilima hicho.

Mkoba Mgongoni:

@Bingwa wa Uhuru sikatai hata kidogo. Uhuru oksijeni unayoipata ni kama nusu ya ile ya pwani, kichwa kinagonga, na hapo kifua cha gym hakina msaada. Huo ni ugumu wa hewa. Lengai hewa unayo tele, huna pa kuweka mguu. Njia ya Marangu kutoka getini mpaka kambi ya Kibo ni barabara ya kutembea, unaweza kuipanda mikono iko mfukoni. Huku juu mwinamo unafika nyuzi 45 hivi na mikono lazima ifanye kazi ya miguu. Ziwa Natron liko kama mita 600 juu ya usawa wa bahari. Gari linakupunguzia kidogo, lakini mita zaidi ya elfu moja na nusu unazipanda kwa pumzi moja usiku ule ule, na asubuhi unazishuka zote. Hesabu hiyo piga mwenyewe.

Tuendelee.

Saa ya kwanza ni majani marefu na njia ya majivu laini, mguu unazama, unapiga hatua mbili unarudishwa moja. Swahiba alikuwa anapiga stori za Simba na Yanga. Saa ya pili majani yakapungua, mlima ukaanza kusimama, akawa ananijibu kwa "mh". Saa ya tatu hata mh haikuwepo. Nilikuwa nasikia pumzi yake na katambuga za mwongozaji, basi. Yule kijana hakuwahi kuongeza mwendo wala kuupunguza. Mwendo ule ule wa mtu anayefuata ng'ombe.

Kisha majani yakakata kabisa. Kuanzia hapo ni majivu ya milipuko ya zamani yaliyoshikana yakawa mwamba, maji ya mvua yameyachimba mitaro mirefu. Unatembea ndani ya mtaro, unatoka, unapanda ukingo, unaingia mtaro mwingine. Penye utelezi mwongozaji anageuza fimbo, anachimba vijishimo vidogo vya kuweka ncha ya kiatu. Akatufundisha: mikono miwili ishike, mguu mmoja utulie, mguu wa nne ndio uende. Alituhesabu kama wanyama wa miguu minne na alikuwa sahihi. Jiwe lililochomoza usiliamini kabla hujaligonga kwa ngumi; likitoa sauti ya uwazi, acha. Ukiangusha jiwe, piga kelele "Jiwe!" hata kama ni kama punje, kwa sababu aliye chini hajui ukubwa wake. Kofia ngumu vaeni. Glavu pia. Mwamba ule ni msasa, mimi nilivua glavu kidogo tu kufunga kamba ya kiatu na vidole vikachubuka.

Kama saa tisa na nusu hivi tukafika mahali pembamba, kushoto korongo, kulia korongo, mbele ukuta. Swahiba akakaa. Akasema, "Mwanangu, mimi naishia hapa."

Nikaanza kumbembeleza. Mwongozaji akanizuia kwa mkono. Akasema, "Zimeni taa."

Tukazima. Wakuu, nyota zile sijui niseme nini. Chini kabisa kulikuwa na taa mbili tatu za Engare Sero, kwingine giza tupu. Upepo unapiga, baridi imeanza kuingia kwenye jasho. Tukakaa kimya muda. Kisha yule kijana akamwambia swahiba kwa upole kabisa: "Kaka, kushuka unaweza, hakuna atakayekulaumu. Lakini hapa gizani hatushuki. Utakaa papa hapa mpaka kukuche, kwa muda wa saa tatu hivi, na upepo huu. Au tupande taratibu, jua litukute juu, tushuke tunaona."

Hakumwambia jikaze. Hakumwambia wewe mwanaume. Swahiba akafikiri, akauliza kama nimebakiza biskuti, akala, akainuka. Sehemu iliyobaki aliipanda kwa mikono na magoti, na nathubutu kusema aliipanda vizuri kuliko mimi, maana alikuwa ameacha kushindana.

Saa kumi na mbili kasoro tukatokea juu, ukingoni.

Mama Buti:

Hapo kwenye "zimeni taa" nimesisimka. Nimeshapanda huo, miaka ya nyuma kidogo. Dada zangu mnaosoma: kucha za miguuni zikateni siku mbili tatu kabla. Kupanda hutajua, kushuka vidole vinagonga mbele ya kiatu kila hatua na utakuja kuzivua na soksi. Na fimbo za kukunja, zikiwa mbili, chini zinasaidia sana, ila ukifika kwenye mwamba zifunge begini. Mtu anayeng'ang'ania fimbo penye kushika jiwe anajitafutia.

Kijana Mtoro:

Samahani kwa swali la kijinga. Chooni mnaendaje?

Mama Buti:

Si la kijinga mwanangu, watu wanaona aibu kuuliza halafu wanakunywa maji kidogo ili wasiende, ndipo wanapoanguka. Choo hakuna. Kwenye majani ya chini unajitenga, mwongozaji anageuka mwenyewe, wameshazoea. Juu kwenye mwamba huna pa kujitenga, kwa hiyo malizeni chini. Karatasi unarudi nayo kwenye mfuko.

Mkoba Mgongoni:

Asante mama. Hilo la kucha ningelijua mapema.

Sasa juu. Kitu cha kwanza ni harufu ya kiberiti, inakuja na kuondoka kulingana na upepo. Cha pili ni ardhi. Nilikaa chini nikaweka kiganja, kuna joto. Mvuke unatoka kwenye nyufa ndogo ndogo, si nyingi, lakini unatosha kukukumbusha umekaa juu ya nini. Swahiba alijilaza kifudifudi juu ya lile joto na hakutaka kuongea na mtu.

Kreta ya kaskazini, yaani mdomo wa volkeno, ndiyo iliyo hai. Wazee waliopanda kabla ya 2007 wanasimulia kuwa walikuwa wanaingia ndani na kutembea juu ya sakafu nyeupe. Siku hizi ni shimo refu, kuta zimesimama wima, na ukingo wake si wa kuuamini. Mwongozaji alituweka mbali na ukingo na alituchorea mstari kwa fimbo: msivuke hapa. Mlio unausikia kutoka chini, wa kitu kinachochemka. Kuna kilele chenyewe upande wa kusini, unakifuata kwa ukingo mwembamba. Tulikwenda. Ule ukingo nausimulia kwa sentensi moja tu kwa sababu niliupita nikiangalia visigino vya katambuga na si kitu kingine.

Jua likachomoza upande wa mlima Gelai. Kivuli cha mlima kikalala magharibi juu ya ngazi ya Bonde la Ufa, pembetatu kamili, kikawa kinafupika tunakiona. Kusini mlima Kerimasi na nyanda za juu za Ngorongoro. Kaskazini Natron, kingo nyekundu, katikati inang'aa. Heroe hawaonekani kutoka pale kwa macho, lakini kwa taarifa yenu ziwa lile ndilo mazalio makuu ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki nzima.

Mzee wa Miamba:

Nimesoma kwa furaha. Niongeze la weupe, nilifundisha jiografia miaka mingi.

Volkeno nyingi duniani hutoa zaha (lava) ya silika yenye moto wa nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi. Lengai hutoa zaha ya kaboneti yenye sodiamu na potasiamu nyingi, na moto wake ni nyuzi 500 hadi 600 tu. Ni volkeno pekee hai duniani inayojulikana kutoa zaha ya aina hiyo. Ni nyepesi, inatiririka kama oili chafu ya gari, na mchana inaonekana nyeusi wala si nyekundu. Ikishatoka inanyonya unyevu wa hewani na ndani ya muda mfupi inageuka nyeupe. Huo ndio "theluji" wa swahiba wako. Kwa lugha ya jikoni, ni jamaa ya magadi yale yale tunayotia kwenye maharage, na ziwa la chini lina magadi hayo hayo.

Na kuna madini ndani ya zaha ile yanayoitwa nyerereiti, kwa jina la Mwalimu. Yalitambuliwa kwanza kwenye mlima huo, miaka ya 1960. Vijana wengi hawajui.

Mkoba Mgongoni:

Shikamoo mzee. Nyerereiti! Nilikuwa nimeikalia kumbe.

Mzee wa Miamba:

Marahaba. Uliikalia ikiwa imeshaharibika, haivumilii unyevu. Lakini ndiyo hiyo. Niongeze na la usalama: mlima huo una tabia mbili. Miaka mingi hutoa zaha kimya kimya kama ilivyokuwa tangu 1983, halafu hubadilika na kulipuka kwa majivu. Ulifanya hivyo 1917, 1940, 1966, na mara ya mwisho Septemba 2007 hadi 2008. Julai 2007, kabla ya mlipuko, kulikuwa na matetemeko upande wa Gelai, yalisikika mpaka Nairobi. Kwa hiyo wakazi wakisema mlima una kelele isiyo ya kawaida, ahirisha. Usibishane nao kwa sababu umelipia.

Mkazi wa Sero:

Mzee amesema. Mimi ni wa huku huku. 2007 nilikuwa mdogo, majivu yalifunika malisho, tulihamisha mifugo. Sisi mlima huu ni wa Mungu, Engai, wazee wetu wanauendea kuomba mvua, na mama anayetafuta mtoto anaombewa pale. Hatuwakatazi wageni. Ila nimeshuka na chupa tupu za watu begini kwangu, chupa za watu waliokuwa na nguvu ya kuzipandisha zikiwa zimejaa. Hilo linatukera.

Na anayefikiria kwenda bila mwongozaji: mitaro yote inafanana. Mvua moja ikinyesha njia ya mwezi uliopita haipo tena. Sisi huwa tunapigiwa simu asubuhi kwamba mtu ameshukia korongo lisilo lake.

Bingwa wa Uhuru:

Sawa, nimesoma mpaka hapa, nalegeza msimamo kidogo. Kushuka kukoje?

Mkoba Mgongoni:

Ndiyo mlima wenyewe huo, bingwa. Kupanda ilikuwa utangulizi.

Kwanza, usiku hukuona ulikopita. Asubuhi unageuka, unatazama chini, unaona ulichokipanda, na miguu inakataa. Swahiba alitazama mara moja akasema neno ambalo humu nitafungiwa. Mwongozaji akatugeuza: tazameni mlima, shukeni kinyumenyume kama ngazi, mguu mmoja mmoja, yeye chini yetu anatuwekea viatu kwenye vijishimo kwa mkono wake. Palipolegea kidogo unageuka ubavu, unakanyaga kwa kisigino. Haraka haina nafasi, lakini na muda huna, maana saa mbili jua lilikuwa limeshafika mgongoni na saa tatu ule mwamba wa majivu ukaanza kurudisha joto usoni.

Swahiba akaamua kushuka kwa makalio. Kwa kweli ilikuwa inafanya kazi. Alikuwa anateleza kidogo, anafunga breki kwa visigino, anateleza tena, na mara ya kwanza tangu saa tisa usiku nikamsikia anacheka. Mpaka suruali ikaisha. Siongezi chumvi: kitambaa chote cha nyuma kilibaki mlimani. Mwongozaji akavua shuka moja, akamfunga kiunoni bila kucheka, kisha akatembea mbele yetu mabega yanamtikisika.

Lita ya nne tuliifungua kwenye majani, chini ya mwamba. Nilielewa hapo kwa nini alituwekea sharti. Maji yalikuwa ya moto, na nisingeyabadilisha na soda ya baridi ya mjini. Tulifika kwenye gari saa nne na nusu. Swahiba akaingia mtoni Engare Sero na shuka ya watu.

Kuna na nyayo za kale: zipo karibu na kijiji, zaidi ya 400, za watu waliotembea kwenye tope la majivu maelfu ya miaka iliyopita. Tulipanga kwenda jioni. Hatukuweza kupanda ngazi tatu za banda, tungeendaje kwenye nyayo.

Siti ya Dirishani:

Picha ya shuka tafadhali.

Mkoba Mgongoni:

Swahiba ni mwanachama humu na anasoma. Picha haipo.

Nyuma ya Shuka:

Ipo, ila mwenye simu anajua nitamfanya nini. Na nirekebishe: biskuti zilikuwa zangu, si "akauliza kama nimebakiza". Mengine ni kweli. Bingwa, mimi nimefika Uhuru na Lengai. Uhuru niliumwa kichwa. Lengai niliogopa. Kati ya hayo mawili chagua unachotaka kulipia.

Kijana Mtoro:

Wakuu, mimi nina Probox. Inafika mpaka chini ya mlima?

Mkazi wa Sero:

Kiangazi Engaruka inafika. Baada ya hapo kuna makorongo ya mchanga, na masika yakijaa hata Landkruza zinazima injini na kusubiri ng'ambo. Iache Mto wa Mbu, tafuta watu wa kuchangia gari refu.

Kijana Mtoro:

Nina ndugu yangu fundi, tunaweza kuinyanyua kidogo.

Mama Buti:

Mwanangu. Kata kucha kwanza.